Habari Imfuate Mtu Mezani: niliyoyasema Moshi kuhusu vigae hai

Kwa mliokosa kikao cha Jumamosi pale Moshi, hii hapa hotuba nzima kama nilivyoitoa. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha, na pale watu walipodakia katikati nimeunganisha tu ili isomeke.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, kaka zangu, dada zangu, na nyie vijana mliotoka Arusha alfajiri na baridi yote ile, poleni na safari, karibuni sana.

Nimepitia majina kwenye daftari la mlangoni. Kuna mtu wa tovuti ya parokia, kuna wa saccos, wapo walimu, wapo waongoza watalii wanne kama sio watano, kuna dada wa kikundi cha mbogamboga toka Rau. Wote tuna saiti ndogo, karibu wote tumezijenga kwa WordPress, tunaandika habari leo, nyingine wiki ijayo, halafu tunakaa kusubiri. Sasa naomba mnijibu kwa mikono tu. Nani hapa ameshaweka tangazo la maana kwenye saiti yake, halafu baada ya siku tatu anapigiwa simu anaulizwa jambo lile lile lililoandikwa pale? Naona mikono. Naona kama ukumbi mzima.

Basi leo tuongee hilo. Na nitaliongelea kwa kupitia kitu kimoja cha kompyuta za Windows ambacho wengi mmekisahau na vijana hamjakiona kabisa, kinaitwa kigae hai.

Kwanza niwapeleke Mbuyuni. Kuna mama ntilie pale karibu na soko, ana ubao mweusi ameusimamisha nje kwenye nguzo ya kibanda. Saa nne asubuhi umeandikwa kwa chaki MTORI UPO. Saa saba anatoka na kitambaa chenye maji, anafuta, anaandika MACHALARI NA NYAMA. Saa tisa hivi anafuta tena, anaandika IMEBAKI CHAI. Basi. Vijana wa bodaboda wanapita, wanapunguza mwendo, jicho moja kwenye ubao, aliyekuwa anataka machalari anapaki, asiyetaka anaendelea na safari yake. Je, yule mama amempigia mtu simu? Hajampigia. Je, mtu ameingia ndani kuuliza? Hajaingia. Habari imetoka nje yenyewe ikamkuta mtu kwenye njia yake ya kila siku.

Sasa Windows 8 ilipotoka, tarehe 26 Oktoba 2012, ukiwasha kompyuta ulikuwa unakutana na ukuta wa miraba ya rangi, kijani, bluu, zambarau. Ile miraba ndio vigae. Wengi walilalamika kweli, maana kile kitufe cha kuanzia walichozoea miaka yote hakikuwepo, lakini mimi tangu siku ya kwanza niliupenda ule ukuta na bado nausemea vizuri. Kwa sababu kigae kilikuwa kinaishi. Kigae cha hali ya hewa kinakuonyesha mvua bila kukifungua, cha barua kinakuonyesha nani amekuandikia. Simu za Windows zilikuwa nacho tangu 2010. Na mwaka uliofuata, Oktoba 2013, ikaja Windows 8.1 pamoja na kivinjari chake, Internet Explorer 11, na hapo ndipo mlango ulipofunguka kwetu sisi wa saiti ndogo: mgeni wako akiibandika saiti yako kwenye ule ukuta, kigae cha saiti yako nacho kinaweza kuishi. Habari mpya ukiiweka inatokea pale ukutani kwake, yeye hajafungua chochote.

Ngoja nieleze kinavyofanya kazi, kwa kifupi, maana hili ndilo watu wanalidhani ni uchawi.

Kurasa zako zinakuwa na mstari mmoja umejificha kichwani, mgeni haoni, kivinjari ndicho kinausoma. Ule mstari unaitwa msapplication-notification. Ndani yake unataja vitu viwili: anwani ya kafaili kadogo ka XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama ili kompyuta iyasome, kenye maneno ya kuonyesha, na kila baada ya dakika ngapi kompyuta ya mgeni ije ikachungulie. Anwani unaweza kutaja mpaka tano, kigae kinazizungusha moja baada ya nyingine. Muda unachagua, dakika 30, saa 1, saa 6, saa 12 au siku nzima. Kwa hiyo, na naomba mlishike hili, saiti yako haitumi kitu. Kompyuta ya mgeni ndiyo inayokuja kuchungulia, kama bodaboda na ubao wa mama.

Na plagini ya WordPress, yaani kiprogramu cha kuongezea kwenye saiti, ilikuwa inakufanyia hayo yote bila wewe kugusa kodi. Unaisakinisha, unapandisha picha zako, unachagua rangi, unachagua muda, unabonyeza hifadhi, yenyewe inaingiza ile mistari kwenye kila ukurasa. Maneno inayatoa wapi? Kwenye fidi. Kila saiti ya WordPress ina fidi, ukiandika jina la saiti yako halafu mbele yake /feed/ utaiona, orodha ya habari zako za karibuni, kichwa, tarehe, maneno machache. Ipo tangu siku uliyoanzisha saiti, hata kama hujawahi kuigusa. Nitarudi huko kwenye fidi, msinisahaulishe.

Sasa hadithi ya pili, na hii ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Mwaka 2014 nilikuwa naangalia tovuti ya ushirika mmoja wa kahawa huku mlimani, jina naliacha. Ofisi yao kuu ilikuwa mjini na huko vijijini walikuwa na vituo vya kupokelea, kila kituo kina katibu na laptopu moja ya kuingizia kilo. Mhasibu wa mjini alikuwa mtu makini sana, tangazo likitoka anapandisha kwenye tovuti siku hiyo hiyo. Jumatatu moja akapandisha kwamba malipo ya pili yameingia. Mnajua malipo ya pili maana yake nini kwa mkulima? Ile ya kwanza anapewa akipeleka kahawa, ya pili anaingoja mpaka kahawa iuzwe, na mara nyingi ameshaipangia ada ya mtoto.

Jumatano nikawa kwenye kituo kimoja narekebisha printa. Ni masika, mvua inanyesha ile ya kulala na kuamka nayo, njia imekuwa utelezi mtupu. Akaja bibi mmoja toka juu kabisa kihambani kwake, kajifunika mfuko wa sulfeti kichwani, kitabu chake cha kahawa amekifunga kwenye nailoni mara mbili. Akafika dirishani, akasalimia, akauliza, mwanangu, ya pili imefika? Katibu akamjibu kwa heshima zote, bado bibi, jaribu wiki ijayo. Bibi akasema haya, akakifunga tena kitabu chake, taratibu, pembe kwa pembe, akageuka kuupanda mlima.

Mimi nimeinama kwenye printa. Tangazo nililiona Jumatatu kwa macho yangu. Ikabidi nitoke mbio nimkimbilie bibi kwenye mvua.

Sasa niambieni, mwenye kosa ni nani? Mhasibu? Ameandika siku ile ile. Katibu? Ana foleni, ana mizani, ana umeme wa kukatika, ataikumbuka saa ngapi tovuti? Ile laptopu alikuwa anaiwasha kila asubuhi saa mbili kamili, kila asubuhi anakutana na ukuta wa Windows 8.1, na kwenye ule ukuta kulikuwa na hali ya hewa ya London sijui nani aliiweka, na habari za michezo, na kila kitu cha dunia, isipokuwa jambo moja ambalo bibi alikuja kuuliza.

Wiki ile ile nikaweka plagini. Nikazunguka vituo vyote, kila laptopu nikaibandika tovuti ukutani mwenyewe kwa mkono wangu, nikakivuta kigae kikawa kile kipana, rangi kijani ya jani la mbuni.

Na hapo ndipo nilipojifunza kazi yenyewe, maana siku ya kwanza kigae kiliwaka vizuri kabisa, kikajigeuza kwenda juu, na maneno yakatokea: TANGAZO MUHIMU KWA WANACHAMA WOTE WA USHIRIKA WETU KUHUSIANA NA... Nafasi ikaisha. Mnaona? Kigae kina mistari michache tu. Tangazo limefika mpaka mezani kwa katibu na bado halijasema kitu. Tumezoea kuandika hivyo, ndio lugha ya barua za ofisi, kwanza heshima, kwanza jina la taasisi, habari yenyewe iko aya ya tatu. Nikaenda kukaa na mhasibu, tukabishana kidogo maana aliona kuandika kifupi ni kukosa adabu, nikamwambia mzee wangu, yule bibi amepanda mlima mara mbili. Akanyamaza. Tangazo lililofuata kichwa chake kilikuwa hiki: Malipo ya pili yameingia. Njoo na kitabu. Maneno saba. Kikatokea ukutani chote, hakikukatika hata herufi, na mle ndani kwenye ukurasa wenyewe heshima zote zilikuwepo kama alivyotaka.

Kwa hiyo hata kama hamtakaa mtumie kigae maisha yenu, kichwa cha habari ndicho kinachosafiri. Kichwa ndicho kinachotoka nje. Weka habari kwenye kichwa, weka maneno ya mwanzo yabebe uzito, heshima itakuta nafasi ndani.

Kuhusu picha niseme haraka. Vigae vilikuwa vya vipimo vinne, kidogo, cha kati, kipana na kikubwa, na picha moja haiwezi kuvaa vipimo vyote. Mimi nilianza na picha ya Kibo na theluji yake na mashamba chini, kwenye kigae kikubwa ilipendeza sana, kwenye kile kidogo ikawa doa jeupe tu. Nikaweka punje mbili za kahawa nyeupe kwenye kijani. Basi, ikaonekana kote.

Tuje kwenye muda, na hapa nina hadithi ya shule moja. Walikuwa na chumba cha kompyuta, mashine 40, intaneti yote inapita kwenye modemu moja ya bando. Kijana mmoja mwenye moyo mzuri kabisa akaweka plagini kwenye saiti ya shule, akabandika kigae kwenye mashine zote 40, akachagua dakika 30 maana aliona ya haraka ndio nzuri, na anwani akajaza zote tano. Tupige hesabu pamoja. Chumba kinakuwa wazi kwa muda wa saa nane kwa siku, kila nusu saa mara moja, hiyo ni mara 16. Mara mashine 40, ni 640. Mara anwani tano, ni 3,200. Mara 3,200 kwa siku zile mashine zinakwenda kuchungulia saiti ambayo inawekwa habari mpya Ijumaa kwa Ijumaa! Kila uchunguliaji ni kadogo, ni kweli, lakini hosti yao ilikuwa ile ya bei rahisi ya kuchangia seva na wengine, na seva ilikuwa inaipika fidi upya kila ikiombwa. Saiti ikawa nzito mpaka wazazi wakashindwa kuifungua kutafuta matokeo. Tukabadilisha ikawa mara moja kwa siku, anwani moja. Ikatulia. Mama wa Mbuyuni anafuta ubao mara tatu kwa siku kwa sababu chungu chake kinabadilika mara tatu kwa siku.

Haya. Sasa jambo kubwa kuliko yote, na hapa naomba hata wale wa nyuma mnisikilize.

Nilisema kigae kinahitaji kafaili ka XML. Lakini fidi ya WordPress haijaandikwa kwa mtindo wa kigae, lazima mtu aitafsiri. Njia zilikuwa mbili. Unaweza kukatengeneza hako kafaili hapo hapo kwenye seva yako. Au unaweza kutumia huduma ya bure ambayo Microsoft wenyewe waliiweka mtandaoni, unawapa anwani ya fidi yako, wao wanaigeuza. Ya pili ilikuwa rahisi, dakika mbili umemaliza. Watu wengi tukachukua ya pili. Mimi pia, kwenye tovuti ya ushirika, nikachukua ya pili.

Miaka ikapita. Ile huduma ikazimwa. Lakini jina la anwani yake halikufutwa, likabaki linaelekeza kwenye nafasi tupu huko kwenye wingu la Azure, zile seva za Microsoft za kukodisha. Mwaka 2019, mwezi wa nne, mtafiti wa usalama Mjerumani anaitwa Hanno Böck akaligundua hilo, akaenda Azure kama mteja wa kawaida, akaichukua ile nafasi. Tangu dakika ile, kila kigae duniani ambacho bado kilikuwa kinakwenda kuchungulia pale kilikuwa kinachungulia kwake. Angetaka angeandika chochote, picha yoyote, maneno yoyote, na yangetokea kwenye ukuta wa mtu chini ya jina la saiti iliyoaminiwa. Yeye ni mwungwana, hakufanya hivyo, aliandika hadharani, akawaambia wenye saiti waondoe ile mistari au watengeneze kafaili kao wenyewe. Akasema pia kwamba hawezi kuishikilia ile nafasi milele kwa sababu trafiki inayokuja ni nyingi na ina gharama.

Mnaelewa uzito wake? Ni sawa na wewe ulikuwa na fremu pale Double Road, umehama, kibao chako umekiacha kinaelekeza wateja pale pale. Wateja wanaendelea kuja. Aliyepanga baada yako anaweza kuwauzia chochote, na wao wanajua wananunua kwako.

Niliposoma ile habari nilifungua tovuti ya ushirika saa ile ile. Mstari ulikuwepo. Miaka mitano niliuacha, kila ukurasa, kila siku, unawaelekeza makatibu wote na wakulima wao kwa mtu nisiyemjua. Hakuna baya lililotokea. Lakini nilimkumbuka yule bibi na kitabu chake kwenye nailoni, nikafikiria siku moja ukutani kwa katibu yatokee maneno malipo yamesogezwa, tuma pesa namba hii. Angeamini. Kwa nini asiamini? Kigae ni cha ushirika wake.

Nikauondoa usiku ule, na kafaili nikakaweka kwenye seva yetu, chini ya jina letu wenyewe.

Sasa najua swali mlilonalo, vijana nawaona. Kaka, hivi vigae si vimekufa? Ndiyo. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 vigae hai havikuwemo tena. Internet Explorer 11 ikastaafishwa Juni 2022. Windows 8.1 ikaachwa kuhudumiwa Januari 2023, na Windows 10, iliyokuwa bado na vigae, ikafikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Ukienda leo kusakinisha plagini ya vigae unajichosha. Ingawa mabaki yapo: WordPress tangu toleo la 4.3 la mwaka 2015, ukiweka ikoni ya saiti, yenyewe inaandika mstari wa picha ya kigae, ile ya 270 kwa 270. Fungueni chanzo cha ukurasa wenu mkifika nyumbani, mtauona.

Basi kwa nini nimewatoa nyumbani kwenu Jumamosi kuongelea kitu kilichokufa? Kwa sababu yule katibu alinipigia simu. Amepewa laptopu mpya, ameiwasha saa mbili asubuhi kama kawaida yake, ukuta haupo. Akaniambia, kaka, sioni habari zetu. Hakusema Windows imebadilika, hakusema plagini. Alisema sioni habari zetu. Nikajua kwamba kile kitu kilikuwa kimeshakuwa sehemu ya asubuhi yake.

Na kumrudishia ilinichukua saa moja tu, kwa sababu fidi ilikuwepo. Ukurasa mmoja mdogo, mweupe, vichwa vitano vya mwisho kwa herufi kubwa kabisa, unasoma fidi ile ile, na kivinjari chake kikifunguka ndio ukurasa wa kwanza anaokutana nao. Leo wengine mnatumia arifa za kivinjari, zile zinazomuuliza mgeni ruhusu au kataa, nazo zinafaa kama hutamsumbua mtu. Wengine mnasema tuna kikundi cha WhatsApp, inatosha. Jamani, nipo kwenye hivyo vikundi. Tangazo la malipo linawekwa saa tatu, saa nne limeshafunikwa na asubuhi njema na michango ya msiba na video, na mtu mzima hawezi kupandisha kidole mpaka juu kulitafuta. Tumieni WhatsApp, siwakatazi, lakini habari ikae kwanza kwenye saiti yako, chini ya jina lako, halafu hayo mengine yote yachukue pale. Kigae kilikufa, fidi haikufa. Kampuni ilifunga huduma yake, jina letu halikufungwa. Ubao wa mama ukivunjika atanunua mwingine, chaki anayo, na anachopika anakijua yeye.

Nimesema mengi na najua chai iko tayari pale nyuma. Kabla hatujainuka, kila mwenye simu aitoe. Andika jina la saiti yako, halafu mkwaju, ile alama /, halafu feed, halafu mkwaju tena. Wengine simu itawaletea maandishi yamebanana, wengine itataka kupakua, msiogope, tafuteni tu kichwa cha kwanza. Umekiona? Kisome kwa sauti kwa jirani yako, jirani asiyeijua kabisa saiti yako, halafu muulize ameelewa nini.

Tuanze na wewe dada wa Rau, hapo karibu na dirisha. Tusomee.